Kufundisha shule ya mwaloni: heshima inapotelea wapi

Nafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata kando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Jina la shule naliacha, maana ninayoyaandika yanawahusu wanafunzi wangu na wazazi wao, na wengi tunaonana kila siku. Ukisimama mstarini asubuhi unaiona mitumbwi ikirudi. Upepo ukitokea mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, harufu ya dagaa walioanikwa inaingia hadi darasa la mwisho. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila mjadala wa nidhamu ninaousikia, redioni au kwenye vikao vyetu vya walimu, unamzungumzia mwanafunzi kama mtu asiye na kwao. Wa kwetu wana kwao, na kwao ni mwaloni.

Malalamiko ya walimu nayajua, ni yangu pia. Unaingia darasani, stori zinaendelea kana kwamba aliyeingia ni upepo. Unamwambia kijana achomekee shati, anakupandisha na kukushusha kwa macho, kisha anachomekea upande mmoja. Mwalimu mwenzangu wa kike alipigiwa mluzi akiwa ameelekea ubaoni. Alipogeuka kuuliza ni nani, darasa zima likawa halijasikia kitu. Shikamoo inatolewa huku mtu anatembea, hasubiri hata marahaba. Katika kanda hii, ambako binti wa Kisukuma hupiga goti akimsalimia mkubwa na ambako kumpita mtu mzima bila salamu ni habari ya kufikishwa nyumbani kabla hujafika wewe, mambo haya yanauma sana. Sitaki mtu aniambie kwamba walimu tunadekeza machungu yetu. Ukirudi nyumbani jioni baada ya siku ya namna hiyo, hata chakula hakipandi.

Tukio lililonifanya nianze kufikiri upya lilitokea kidato cha tatu. Kijana mmoja, mrefu kuliko wenzake, alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza kuanzia kipindi kinaanza. Nilimgusa bega nikamwambia asimame akanawe uso. Akainua kichwa taratibu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "Madamu, mshahara wako mimi naupata giza moja tu."

Darasa likacheka. Wengine walicheka kwa kumuunga mkono, wengine kwa woga, nao wakanitazama kuona nitafanya nini. Nilimwambia kwamba kipindi kikiisha tutaongea, nikarudi ubaoni nikamalizia mfano niliouanza. Mkono uliokuwa na chaki ulikuwa unatetemeka, lakini nilimalizia.

Tuliongea nje, chini ya mti ulio karibu na tangi la maji, si ofisini. Ofisini kwetu huwa kuna walimu wengi na kila mmoja ana neno la kuongeza, na kijana akishazungukwa hasemi ukweli, anajitetea tu. Sikumuuliza kwa nini amenitukana. Nilimuuliza alilala saa ngapi. Akasema hakulala. Alikuwa ziwani tangu jioni, wamerudi alfajiri, amenawa mwaloni na kuvaa sare pale pale. Baba yao alikwenda kambi za visiwani siku nyingi, na zinazofika kutoka kwake ni salamu tu. Mama anachuuza dagaa. Wadogo zake wawili wako shule ya msingi. "Nyumbani mimi ndiye baba, madamu," alisema, safari hii bila kejeli.

Nilipolisimulia jambo hilo kwa mwalimu mwenzangu aliyezaliwa Ukerewe, mtoto wa mvuvi, aliomba rejista ya darasa langu. Aliifungua juu ya meza akapitisha kidole kwenye alama za utoro, mwezi mmoja baada ya mwingine, halafu akachukua kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. "Hawa hawaumwi," akasema. "Hawa ni giza."

Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifanyi kazi, ndiyo maana wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mwezi mpevu na kuingia ziwani usiku wa giza. Mwaloni watu hawahesabu wiki, wanahesabu giza na mbalamwezi. Na rejista yangu ilikuwa inahesabu hivyo hivyo: siku za mbalamwezi darasa limejaa, wavulana wako macho na hata wanabishana kuhusu majibu, giza likiingia, viti vinabaki wazi, na waliopo wanasinzia, na ukiwaamsha wanakujibu vibaya. Siku nyingi tulizoziita za utovu wa nidhamu ziliangukia giza.

Sisemi kwamba usingizi unahalalisha dharau. Nasema kwamba wapo watoto ambao usiku wanaishi kama watu wazima. Wanakaa mtumbwi mmoja na wanaume wenye ndevu, wanavuta wavu ule ule, wanapewa mgao wao mkononi, wanaitwa kwa majina ya utani ya kikubwa. Tajiri mwenye mtumbwi anamwita "mzee". Asubuhi anafika shuleni anaambiwa apige magoti kwa sababu kachelewa dakika kumi. Mkanganyiko huo ni mkubwa, na aliyemtia ndani yake si yeye. Ni tajiri aliyemkubali mtumbwini, na ni sisi watu wazima tuliokuwa tunamwona anapita na sare yake mkononi tukanyamaza. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Dagaa wote wa giza wanavuliwa ndani ya saa hizo hizo.

Tulimwita mzazi. Mama alikuwa amesafiri na mzigo, akaja bibi. Alikuwa mtu mzima sana, khanga mbili, miguu ina vumbi la njia nzima. Nilipomwona mlangoni niliinuka haraka nimuwahi kwa shikamoo, lakini alikuwa ameshaanza kuinama. Alipiga goti pale kwenye saruji ya ofisi, mkono mmoja umeshika mlango, akanisalimia "mwangaluka, mwalimu". Mimi, ambaye ningekuwa mjukuu wake. Nilikimbilia kumwinua, nikampa kiti changu. Nilipogeuka nikamwona kijana. Alikuwa ameukazia macho ukuta na kidevu kinacheza.

Bibi hakutoa hotuba. Alisema, "Mwalimu, mchana huyu ni wako, usiku ni wangu. Usiku umenishinda. Nisaidie kwa mchana, na mimi nitahangaika na usiku." Akamgeukia mjukuu wake akamwambia kwa Kisukuma maneno machache ambayo sikuyaelewa yote, na sikuomba tafsiri. Kijana akaniomba radhi. Kesho yake akaomba tena mbele ya darasa, na hilo hakuna aliyemtuma.

Nimewaza sana kwa nini goti la bibi lilifanya kazi ambayo barua za wito na mistari ya adhabu havikuwahi kuifanya. Naona ni kwa sababu kijana alimwona mtu anayemheshimu kuliko wote duniani akimheshimu mwalimu. Mtoto hapimi mwenyewe nani wa kuheshimiwa. Anatazama wakubwa zake wanamchukuliaje mtu, naye anafuata.

Upande wa pili wa jambo hilo niliuona muhula ule ule. Mwalimu wa zamu alikamata simu ya mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuwa anaitumia kubeti wakati wa kipindi. Sheria za shule zinakataza simu, na wazazi walizisaini siku ya kuandikisha watoto. Baba akafika siku iliyofuata na bodaboda, hakupita kwa mkuu wa shule, akaja moja kwa moja hadi barazani, wanafunzi wakiwa mapumziko. "Umemnunulia wewe? Wewe simu ya namna hii unayo?" Akamwita mwalimu yule njaa kali. Alisema walimu wote ni watu wa mikopo ya kausha damu, wanamwonea mtoto wake wivu. Wanafunzi walikuwa wamezunguka wakisikiliza, wengine na mandazi mkononi. Mkuu wa shule alitoka, akamchukua baba ofisini kwa upole, na simu ikarudishwa kwa mzazi kwa utaratibu, kwa maandishi. Lakini lililosemwa lilikuwa limeshasemwa. Wiki ile yule mwalimu alifundisha akiwa na sauti ndogo, na neno "njaa kali" lilikutwa limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa darasa.

Nani alimfundisha mtoto huyo dharau? Si TikTok, ambayo tunaisingizia kila kitu. Alifundishwa na baba yake, barazani, mchana kweupe.

Wazazi peke yao hawajabeba lawama hii. Walimu wenye umri wangu na kuzidi hawajasahau Februari 2009, ng'ambo ya ziwa wilayani Bukoba, mkuu wa wilaya alipoagiza walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimfuta kazi, na ilikuwa sahihi. Lakini watoto wa shule zile walijua kwamba walimu wao wamechapwa. Asubuhi iliyofuata mwalimu anasimamaje mbele ya darasa kusema "nyamazeni"? Tangu hapo hatujafikia tena kiwango kile, ila kiongozi kumfokea mwalimu mbele ya wanafunzi na kamera bado ni jambo linalopigiwa makofi. Kila kiongozi anayefanya hivyo anaondoka na gari lake. Sisi tunabaki na darasa.

Wazee wanaponiambia kwamba zamani mwalimu alikuwa mtu mkubwa, nawaamini. Nchi hii ilimwita Rais wake wa kwanza Mwalimu na hakuna aliyeona kwamba ni cheo kidogo. Azimio la Musoma la 1974, lililopitishwa hapa hapa kwenye mwambao wa ziwa letu, liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kijijini mwalimu alikuwa ndiye mwandishi wa barua, msomaji wa gazeti na msuluhishi wa ugomvi. Leo mwanafunzi ana simu inayomletea habari kabla yangu, na ana kaka aliyemaliza chuo anaendesha bodaboda. Ahadi kwamba ukisoma utatoka imepungua nguvu machoni pake. Kijana aliyeniambia kuhusu mshahara wangu alikuwa anasema, kwa njia ya kuumiza, jambo analoliona kila siku.

Halafu kuna idadi. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki mwaloni wameingia darasani, na mimi ni miongoni mwa wanaofurahia hilo kwa moyo wote. Ila darasa lililojaa hadi wawili wanagawana kiti haliwezi kuendeshwa kwa kumjua kila mtu kwa jina, na usipomjua mtoto kwa jina, unachobaki nacho ni sauti ya juu na fimbo.

Kuhusu fimbo, najua nitapingwa, hata na walimu ninaowapenda. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi 4, vitolewe kwa kosa kubwa, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike ila kama shule haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Anayefundisha anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo na mwalimu anayezunguka na fimbo kwapani kutwa nzima. Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba mkoba wa mwalimu mwingine, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Nyumba mbili zilibaki na msiba. Mimi sishiki fimbo darasani. Msimamo huo haukutokana na huruma tu. Nimeona kwamba darasa linalonyamaza kwa sababu ya fimbo humgeuka mwalimu asiye nayo, na mara nyingi huyo ni mwalimu wa kike au kijana aliyeripoti kazini juzi. Mluzi ule ulipigwa baada ya kipindi cha mwalimu anayeogopwa kuliko wote shuleni.

Nikiingia darasani kwa wakati, kila siku, hata mvua ikinyesha, ndani ya muhula mmoja wanaanza kunisubiri wakiwa wamekaa. Daftari nikilikusanya nalirudisha likiwa limesahihishwa, na kama jibu ni baya naandika limeharibika wapi. Watoto hawa wanajua mwalimu gani anatia tiki bila kusoma; wanafanya majaribio, wanaandika upuuzi katikati ya ukurasa waone kama utapita. Adhabu yangu haiangalii mtoto wa diwani wala wa muuza karanga. Na neno la kumdhalilisha mtoto kwa umaskini wake, kwa kabila lake au kwa mama yake halitoki kinywani mwangu, kwa sababu hilo hawalisahau hata wakiwa wazee.

Lipo moja tunaloliepuka kwenye vikao. Mwalimu wa kiume anayemtumia mwanafunzi wa kike ujumbe usiku ameshaivunja heshima ya ofisi nzima. Wanafunzi wanajua kabla yetu. Wavulana wanajua, na ndiyo wanaoanza kutupigia miluzi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, lakini uharibifu unaanza mapema sana kuliko hapo, kwenye utani wa barazani ambao wenzake wanaucheka. Mimi siucheki, na mwenzangu anayeucheka namwambia palepale.

Nirudi kwa kijana wa kidato cha tatu. Tulipofika kwenye uwiano, niliacha mifano ya kitabuni nikaandika ubaoni mgao wa mtumbwi: mauzo ya usiku mmoja, toa mafuta, toa chakula, nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi, na wavuvi wenyewe wako kadhaa. Nilipoandika tu, kijana akasema kuna kitu nimesahau. Nikampa chaki. Akaandika makato ya taa na betri, ambayo tajiri huyatoa kwanza kabla ya kugawa, akapiga hesabu kwa kichwa huku wengine bado wanatafuta kalamu. Kisha akasimama akiitazama ile namba ya mwisho, ya mvuvi mmoja. Akaifuta, akapiga upya, ikatoka ile ile. "Madamu, huyu tajiri anatupunja," akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. Tulitumia kipindi chote kutafuta wanapunjwa wapi. Wasichana wawili ambao mama zao wana mitumbwi walimbishia vikali, wakasema yeye hahesabu nyavu zinazochanika. Huo ndio ubishi ninaoutaka darasani.

Bado anasinzia giza likiwa kali. Bibi amefanikiwa usiku wa kuamkia siku za mitihani, na Ijumaa anamwachia kwa sababu Jumamosi hakuna shule. Mwingine wa darasa hilo hilo ameacha kabisa, yuko kambi ya kisiwani, na juhudi zetu za kumrudisha hazijafua dafu.

Tulichofanya kama shule ni kushuka mwaloni. Mkuu wa shule, mimi, mwalimu wa Ukerewe na mtendaji wa kata tulikaa na viongozi wa BMU, wale wanaosimamia mwalo, chini ya banda la kuuzia samaki. Walitusikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Wengi wao ni wazazi wetu. Walikubali kwamba mtumbwi wowote usimbebe mwanafunzi usiku wa kuamkia siku ya shule. Matajiri wachache wanalifuata. Wengine wanawapakia watoto kwenye mwalo wa jirani, ambako hakuna anayewajua.

Kikao kingine tumekipanga siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Nitaomba mambo mawili. Kwanza, viongozi wa mialo yote ya kata wakae pamoja, ili ukikataliwa huku usikubaliwe kule. Pili, tajiri akikutwa na mwanafunzi mtumbwini aitwe shuleni kama tunavyomwita mzazi, akae kwenye kiti kile kile, kijana akiwepo, aeleze alimchukua kwa ruhusa ya nani. Mkuu wa shule ameshakubali. Barua za matajiri niliowaona kwa macho yangu nimeziandika, na mtendaji amesema atazipeleka yeye mwenyewe.